Daftari la Nyumba Kuukuu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya watu wanaoishi katika nyumba za mawe na chokaa za pwani, au wanaozisimamia kwa niaba ya familia: Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu, Mji wa Kale wa Mombasa, Bagamoyo, Pangani. Mwenye ghorofa la zege atakuta la kwake kule chini. Mimi si mhandisi. Nasimamia nyumba ya ukoo yenye vyumba 14 Mji Mkongwe, na daftari ninalolisema hapa, la kuandikia hali na matengenezo ya nyumba, lipo kweli, kurasa zake za mwanzo zimetafunwa na mende.

Nyumba ina zaidi ya miaka 100 na hakuna hata karatasi moja. Nianzie wapi?

Anzia leo, usianzie zamani. Wengi hukwama hapa: wanataka kwanza wajue nani alijenga na ghorofa ya pili iliongezwa lini, ndipo waandike. Mwaka unapita, daftari jeupe. Historia itakuja yenyewe ukishakuwa na pa kuiweka.

Siku ya kwanza chora ramani ya kila ghorofa kwa mkono, hata ikipinda. Kila chumba kipe namba, kuanzia mlango mkubwa kupanda juu, na namba hizo zisibadilike tena. Usiviite vyumba kwa majina ya watu. Bibi yetu aliacha barua moja ya mwaka 1971 iliyosema dari ya chumba cha mama mkubwa imetiwa boriti tatu mpya. Mama mkubwa yupi? Bibi alikuwa na dada wanne waliomzidi umri, na kila mmoja aliwahi kulala vyumba viwili au vitatu humu ndani. Boriti hizo tatu hatujui ziko wapi mpaka leo.

Kuta nazo zipe majina ya pande: kibla, baharini, mjini, kwa jirani. Hapa Unguja kibla ni kaskazini, kwa hiyo neno hilo halimpotezi mtu, hata mtoto uliyemtuma na tochi. Halafu panda mpaka paani, ushuke chumba baada ya chumba ukiandika ulichokiona. Juu kwanza, kwa sababu adui mkubwa wa nyumba hizi ni maji, na maji hushuka.

Wiki ya pili ndiyo ya wazee. Usiwaulize "nyumba hii ina historia gani", watakupa hadithi za harusi. Waulize kisima kilikuwa wapi, choo cha zamani kilikuwa wapi, mlango gani ulizibwa, jiko lilipandishwa juu mwaka gani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilizokuwa za familia moja ziligawanywa kwa familia kadhaa, na majiko na vyoo vikawekwa mahali ambapo mjenzi hakukusudia yapite maji. Mabomba ya wakati ule mengine bado yamo ndani ya kuta. Mzee anayeyakumbuka ana thamani kuliko mchoro, na hatakuwepo siku zote.

Risiti zote ninazo kwenye mfuko. Hazitoshi?

Hazitoshi. Risiti inakwambia nani alikula pesa. Haikwambii maji yaliingilia wapi.

Lakini usizitupe, zina kazi yake. Sisi tulikuwa na ukuta wa ngazi, ghorofa ya kwanza, ambao lipu yake ilikuwa ikibambuka kila baada ya muda. Fundi anaitwa, anakwangua, anapiga lipu, anapaka rangi, tunamshukuru na chai juu. Siku moja nikazipanga risiti za ukuta ule mezani kwa tarehe. Zilikuwa nne, miaka tofauti, mafundi tofauti, na zote nne ni za mwezi wa tano au wa sita. Yaani kila mara ni mwisho wa masika. Tukapanda paani. Mlizamu, ule mdomo wa kutolea maji ya mvua nje ya paa, ulikuwa umezibwa na mabaki ya saruji ambayo fundi fulani aliyaoshea pale zamani. Maji yakikosa pa kutokea yalikuwa yanajikusanya pembeni na kunywewa na ukuta polepole, ghorofa mbili chini. Kuuzibua mlizamu kulichukua nusu saa na patasi moja. Risiti nne zile zingetosha kununulia boriti za chumba kizima.

Nyuma ya kila risiti andika kwa penseli: chumba namba ngapi, ukuta upi, tatizo gani. Kisha ibandike kwenye ukurasa wa siku hiyo.

Niandike nini hasa? Mimi si mtu wa maandishi.

Mambo sita tu: tarehe, mahali, ulichokiona, ukubwa wake, hali ya hewa ya siku zile, na umefanya nini. Kama hujafanya kitu, andika hivyo hivyo. Huu hapa mfano, herufi kwa herufi:

"28/12/2022. Chumba 7, ukuta wa kibla, kona ya kulia juu ya dirisha. Doa la unyevu, upana sm 22, rangi ya chai. Jana usiku ilinyesha. Ukigonga lipu inalia tupu. Juu yake kuna choo cha ghorofa ya tatu. Hatujafanya kitu. Kuangalia tena baada ya wiki mbili."

"11/1/2023. Chumba 7, pale pale. Hakujanyesha wiki mbili. Doa sasa sm 31."

Soma tena mstari wa pili. Mvua hakuna na doa limekua, basi maji hayatoki mbinguni, yanatoka chooni. Bila mstari wa kwanza, fundi angepanda paani kutafuta tundu ambalo halipo, na angelipata, maana fundi akitumwa kutafuta tundu hakosi. Neno "hakujanyesha" ndilo lililookoa paa zima lisichokonolewe.

Usiandike "ukuta mbaya" au "hali si nzuri". Mbaya ya mwaka jana na mbaya ya mwaka huu hazilinganishiki. Sentimita 22 na sentimita 31 zinalinganishika.

Kuna ufa ukutani. Nitajuaje kama ni wa hatari?

Ufa mmoja ulioutazama mara moja haukwambii kitu. Nyumba kuukuu ina nyufa nyingi zilizotulia tangu enzi za mababu, na unaweza kuishi nazo mpaka wajukuu. Unaotafutwa ni ule unaotembea.

Chukua penseli, chora kistari pale ufa unapoishia, juu na chini, na uandike tarehe hapo hapo ukutani. Rangi itakuja kufuta, ndiyo maana unanakili daftarini. Pima upana sehemu tatu kwa rula ya shule. Ukitaka uhakika zaidi, katisha ufa kwa kipande chembamba cha kioo, kibandike ncha zote mbili kwa plasta au gundi ngumu, uandike tarehe. Kioo hakivutiki. Ukuta ukisogea hata kidogo, kinakatika. Hii ni mbinu ya zamani na haina gharama, kioo cha dirisha lililovunjika kinatosha.

Angalia kwa mwaka mzima kabla ya kutoa hukumu, kwa sababu kuta hunywa maji masika na kukauka wakati wa kaskazi, na kuna nyufa zinazofunguka na kufumba kwa majira. Ule unaofunguka na usifumbe ndio wa kuitia mhandisi. Pia ule unaoanzia kona ya dirisha na kupanda mshazari, au ulio mpana juu kuliko chini.

Halafu kuna tumbo. Kuta hizi zina unene wa nusu mita na zaidi, na ndani ya mawe ya matumbawe mara nyingi kumejazwa kifusi kilichoshikwa kwa udongo mwekundu na chokaa. Maji yakishaingia, ule udongo huchukuliwa kidogo kidogo, kunabaki uwazi, na uso wa ukuta unaanza kuvimba nje kama mtu aliyeshiba. Jicho halioni kwa sababu linauzoea. Teremsha timazi, yaani uzi wenye kizito mwishoni, kutoka dirisha la juu, pima nafasi kati ya uzi na ukuta kila baada ya mita moja, andika. Mwaka ujao teremsha kutoka msumari ule ule.

Lakini mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukianza kukwama ghafla, mchanga ukimwagika wenyewe kutoka darini, au ukisikia kuta zinalia usiku, hapo si saa ya daftari. Toa watu kwanza. Kuandika mtaandika mkiwa barazani kwa jirani.

Kwa nini lazima niandike kama fundi alitumia chokaa au saruji? Lipu ni lipu.

Hapana. Kama utaandika jambo moja tu kuhusu kazi ya fundi, liwe hili.

Jiwe la matumbawe lina vitundu na linanywa maji. Chokaa nayo inapitisha mvuke, kwa hiyo ukuta uliolowa masika unapumua ukikauka. Saruji ni ngumu, haifuati mwendo wa ukuta, inapasuka nyufa nyembamba kama unywele. Mvua inaingilia kwenye nyufa hizo na haipati pa kutokea. Unyevu unarudi ndani, unapanda, unabeba chumvi, na chumvi ikikauka nyuma ya lipu inavimba na kuisukuma. Ndiyo ule unga mweupe unaouona chini ya rangi. Mbaya zaidi, vichwa vya boriti vimezikwa ndani ya ukuta huo huo. Boriti hizo ni za mkoko. Mkoko ni mti wa maji, unavumilia mengi, lakini ukifungiwa kwenye unyevu usiokauka huoza, na unaoza pale pasipoonekana. Katikati ya chumba boriti ni nzima, kichwani imekuwa ugoro.

Sasa fikiria mtu anayekuja miaka 20 baadaye. Anaona ukuta mweupe uliopakwa vizuri. Hajui kama chini yake ni chokaa tupu, au saruji juu ya chokaa, au saruji juu ya saruji. Akikosea, anafungia unyevu kwa mara ya tatu. Kwa hiyo andika: mchanganyiko gani, vipimo vingapi kwa vingapi, mchanga ulitoka wapi, chokaa ililowekwa siku ngapi, lipu ilikuwa na tabaka ngapi, na rangi ni ya chokaa au ya plastiki. Rangi ya plastiki nayo hufunga pumzi za ukuta, ingawa mwuza duka hatakwambia.

Siwalaumu waliotumia saruji. Ipo kila duka, inakauka kesho, na mpangaji anataka kurudi chumbani Ijumaa. Chokaa inataka subira, inataka kulowekwa, na mafundi wanaoijua wanapungua. Walichokosea ni kutoandika.

Nani aandike: fundi au mwenye nyumba?

Mwenye nyumba aandike, fundi aseme. Fundi mwashi wa kweli anajua mengi asiyoyasema mpaka aulizwe. Mwisho wa siku, kabla hujamlipa, kaa naye chini: "Fundi, leo umekuta nini ndani ya ukuta?" Utasikia kuna bomba la chuma limekufa, kuna mlango uliozibwa, kuna boriti moja ameipiga bisibisi ikazama mpaka mpini. Hayo yote yatafunikwa kesho kwa lipu. Dakika kumi hizo ndizo pekee katika miaka 50 ambapo ndani ya ukuta huo kutaonekana.

Muulize pia jina na namba yake ya simu, na jina la aliyemfundisha. Sisi tumewahi kumpata mzee aliyepiga sakafu ya paa letu kupitia mwanafunzi wake, na akatueleza pale mteremko wa maji ulipoelekezwa. Tulikuwa tunaulaumu mteremko huo kwa miaka.

Nyumba ina wapangaji sita na warithi kumi na mmoja. Nani atakubali kuandika?

Hakuna atakayekubali, kwa hiyo usiombe. Teua mtu mmoja aishiye pale pale, awe na simu na saa ya kupanda paani. Kwetu ni mpangaji wa chumba namba 3, mwalimu mstaafu, na tunampunguzia kodi kidogo kwa kazi hiyo. Wengine kazi yao ni kumwambia tu. Tulitundika penseli na vipande vya karatasi karibu na meinswichi, kila mtu anapita hapo. Mara nyingi hupati zaidi ya "choo cha juu kinavuja tena", lakini lile "tena" lina tarehe.

Warithi ni jambo jingine. Hapa daftari linaondoa ugomvi kuliko mkutano wowote. Kaka aliye Dubai au Muscat anayetuma pesa anataka kujua zimekwenda wapi, na dada aliyeko hapa amechoka kushukiwa. Tangu tulipoanza kupiga picha ya ukurasa na kuiweka kwenye kundi la familia kila mwisho wa mwezi, maswali yamepungua. Hayajaisha. Ila sasa wanauliza kuhusu chumba namba 7, zamani waliuliza kuhusu mimi.

Kama nyumba ni ya wakfu, nakala ya daftari mpe mtawalia, yaani msimamizi wa wakfu, na hakikisha amekusainia kuwa amepokea.

Daftari la karatasi au simu?

Vyote viwili, na karatasi ndiyo mama. Simu huanguka baharini, huibiwa, hubadilishwa, na picha hufutwa siku nafasi ikijaa. Nunua daftari la jalada gumu lililoshonwa, lile la kaunta, si la kuchana kurasa. Kurasa zitie namba kwa mkono ili ionekane kama moja imenyofolewa. Andika kwa penseli au wino usioyeyuka. Wino wa kawaida ukipata maji unaondoka na mwaka mzima. Liweke kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko, juu ya kabati la mbao lisilogusa ukuta. Sisi tuliliweka kwenye daka la ukutani, pazuri sana kwa kutazama, ndiyo hao mende niliowataja.

Simu ni ya picha. Piga mbili kwa kila kitu: moja kutoka mlangoni ili chumba kijulikane, nyingine ya karibu, na sarafu ya shilingi 200 ikiwa imeshikiliwa pembeni ili ukubwa ueleweke. Simama mahali pale pale kila mwaka. Sisi tumepiga alama ya rangi sakafuni. Picha inayotumwa kwa Wasap hupunguzwa ubora, kwa hiyo ile halisi ihamishie kwenye kompyuta au flashi, na jina la faili lianze na mwaka: 2023-01-11-chumba7-kibla. Ukianza na mwaka zinajipanga zenyewe. Mara moja kwa mwaka safisha zile muhimu kwenye karatasi, duka lolote la picha linafanya.

Ukaguzi uwe mara ngapi?

Fuata mvua, usifuate kalenda ya ofisi. Ukaguzi mkubwa ni mwezi wa pili, kabla ya masika, jua likiwa kali: paa, milizamu, mifereji, nyufa za sakafu ya juu, majani yaliyoota kwenye kuta. Mti wowote ulioota ukutani ung'olewe ukiwa mdogo, na uandikwe, kwa sababu utarudi pale pale. Wa pili ni wakati mvua inanyesha hasa. Vaa koti, panda, uone maji yanakwenda wapi. Dakika tano ndani ya mvua zinakufundisha kuliko saa nzima ya jua. Wa tatu ni mwezi wa sita kuhesabu hasara. Vuli ikija mwezi wa kumi, ukaguzi mdogo wa paa unatosha.

Tunataka kuweka tangi la maji juu. Linahusiana vipi na daftari?

Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 2,000 likijaa ni tani mbili, sawa na gari dogo na abiria wake, limesimama mahali pamoja juu ya boriti ambazo hujui zilibadilishwa lini. Vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba, karibu mita 3 upana, kwa sababu boriti ya mkoko haiendi zaidi ya hapo. Nyumba ilihesabiwa kwa miti hiyo na kwa watu wachache wanaopunga upepo, tangi halikuwemo.

Kabla ya kukubali, fungua daftari utazame chumba kilicho chini. Kama hakuna taarifa ya boriti zake, ndiyo sababu ya kukataa. Likikubaliwa, liwe juu ya ukuta mnene na si katikati ya chumba, na uandike tarehe, lita, na mahali. Weka pia kwenye orodha hiyo kila kiyoyozi na maji yake yanatiririkia wapi. Nimeona ukuta mzima umeota ukungu wa kijani kwa sababu ya kibomba kimoja cha kiyoyozi cha jirani, na jirani alikuwa haamini mpaka tulipomwonyesha picha za miezi minane.

Na umeme?

Ukurasa wake peke yake. Waya zilibadilishwa mwaka gani, fundi nani na ana leseni au hana, saketi breka ipi inazima vyumba vipi, waya wa ardhini umezikwa wapi. Soketi iliyopata joto au kunuka kama plastiki iliyoungua iandikwe siku hiyo hiyo na izimwe. Waya wa zamani uliopita juu ya boriti kavu hauna msamaha.

Mimi naishi ghorofa la zege la miaka ya 1970. Haya yananihusu?

Yanakuhusu, ila adui amebadilisha sura. Maghorofa kama ya Michenzani hapa Unguja, na mengi ya umri huo Dar es Salaam na Mombasa, yana nondo ndani ya zege. Hewa ya bahari na chumvi zikifika kwenye chuma, chuma kinapata kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo inapasua zege kutoka ndani. Dalili ya kwanza ni mstari wa rangi ya kahawia chini ya kibaraza au kwenye nguzo. Ya pili ni kipande cha zege kuanguka na nondo kuchungulia. Andika nguzo ipi, ghorofa ya ngapi, urefu wa nondo inayoonekana, na kama ilipakwa lipu bila kusuguliwa kutu. Hilo la mwisho ndilo linalofanywa mara nyingi. Linapendeza miezi kadhaa.

Ugumu wa ghorofa ni kwamba paa, ngazi na mabomba ni ya wote, kwa hiyo si ya mtu. Sheria zipo: Tanzania Bara ina Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, Kenya ina yake ya 2020, na zote zinataka wenye nyumba wawe na chombo cha pamoja cha kusimamia vya pamoja. Daftari la jengo liwe la chombo hicho, likae mahali ambapo mwenyekiti akihama halihami naye.

Mbona mnahangaika hivi? Nyumba hizi zimesimama miaka mingi bila daftari.

Zilizosimama unaziona. Zilizoanguka ni viwanja vya kuegesha magari.

Beit al-Ajaib, jumba kubwa la hapa Mji Mkongwe, ilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ikapita kwenye mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, ikawa ofisi za serikali, ikawa makumbusho. Mwaka 2012 sehemu yake iliporomoka. Tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika ukarabati, upande wa mbele na mnara wa saa ukaanguka na watu wawili wakafariki. Nilikuwa mtaa wa pili. Vumbi lilifika mpaka kwetu na kukaa juu ya majani ya mkungu siku nzima. Sina la kuwafundisha wahandisi wa jengo lile. Ninalolijua ni kwamba miaka minane ilipita kati ya anguko la kwanza na la pili, na kwamba baada ya jengo kuanguka kila mtu anaanza kutafuta picha za zamani, michoro na vipimo, ili ijulikane kipi kilikaa wapi. Nyumba ya kawaida ya mtaani haina picha za watalii za miaka 100. Ina daftari lako tu.

Je, nahitaji kibali kwa matengenezo madogo?

Mji Mkongwe, nenda kwanza Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoundwa 1985, kabla ya kugusa paa, mlango, dirisha, baraza au rangi ya nje. Lamu uliza ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000 na Lamu tangu 2001, kwa hiyo ukali wao una sababu. Nenda na daftari mkononi. Mkaguzi akiona picha za doa la miezi sita, maongezi huwa mafupi.

Nakala ya kibali bandika daftarini, pamoja na kile ambacho hakikuruhusiwa.

Kitu gani si lazima kuandika?

Balbu. Vitasa. Kufagia. Daftari likijaa balbu hakuna atakayelisoma. Na ugomvi wa wapangaji usiutie humo. Wetu una kurasa mbili za mwaka 1998 kuhusu paka wa mtu, na hakuna hata mstari mmoja kuhusu paa la mwaka huo.

Nyumba ikiuzwa, daftari liende na nani?

Liende na nyumba. Najua inauma, na dalali atakwambia ulifiche kwa sababu linaonyesha ubovu. Linaonyesha pia ulichotengeneza. Jibakizie nakala ya picha.

Daftari limejaa. Sasa?

Nunua jingine la ukubwa ule ule. Ukurasa wa kwanza nakili ramani na namba za vyumba bila kubadilisha kitu. Ukurasa wa pili andika mambo yote yaliyo wazi: nyufa zenye kioo, madoa yanayosubiriwa, boriti zilizotiliwa shaka, kila moja na namba ya ukurasa wake katika daftari la kwanza. La zamani litie kwenye chombo kile kile, chini ya jipya, na kipande cha kafuri kwa ajili ya mende. Kisha panda paani uangalie milizamu, maana siku uliyonunua daftari jipya nayo inataka mstari wake.